Msikiti Mkuu wa Kilwa haukujengwa kwa saruji

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 21 na sijawahi kukuandikia, hata pale nilipoona mmekosea. Habari yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako alieleza kwamba msikiti huo ulijengwa na wageni kutoka Arabuni kwa mawe na saruji, akapendekeza kuta zilizobaki zipigwe lipu ya saruji ili ziwe imara. Juu ya maneno hayo mkaweka picha ya Gereza, ile ngome iliyo ufukweni ambayo kila anayeshuka chomboni huiona kwanza, na chini yake mkaandika kuwa ndio msikiti.

Msikiti Mkuu ni kazi ya matumbawe na chokaa. Tumbawe likitolewa baharini huwa laini, hukatwa kwa shoka na kuchongwa kwa tezo, na likikaa hewani hukauka likawa gumu; chokaa yake hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Sehemu ya kaskazini, ambayo ni ya karne ya 11 au ya 12, ilikuwa na paa lililobebwa na nguzo 9, na yote iliezekwa, bila uwanja wa wazi katikati kama ule unaoonekana katika misikiti mikuu ya Misri na Shamu. Jambo hilo peke yake lingemtosha mwandishi wako kujiuliza kama kweli jengo hili liliagizwa zima zima kutoka ng'ambo. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga pia Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la hapo Kisiwani, akaongeza ukumbi wa kusini. Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Moroko, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta yeye akitawala. Ukumbi huo ulikuja kuanguka, na watu wa Kilwa wakaujenga upya katika karne ya 15 kwa nguzo zenye pembe nane, matao na kuba. Ukisimama leo chini ya mojawapo ya kuba hizo ukatazama juu, utaona vijiwe vilivyopangwa duara ndani ya duara, vikashikwa kwa chokaa, na waliovipanga hawakutumia hata chembe ya saruji.

Naandika kwa uchungu kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa mwashi na mchoma chokaa, na kwa sababu ushauri kama wa mwandishi wako umekwisha kutuharibia msikiti wa kijijini kwetu. Ulikuwa msikiti mdogo wa mawe uliojengwa na wazee wa babu zangu, kuta zake nene kiasi kwamba watoto tulikuwa tukikaa watatu dirishani. Siku moja akaletwa fundi kutoka mjini, akatuambia kwamba chokaa ni mambo ya kale, akabandua lipu yote ya zamani na kuweka ya saruji, nasi tukamshukuru na kumchinjia mbuzi. Baada ya masika mawili nikaona mstari mweupe wa chumvi umepanda ukutani hadi kimo cha goti. Masika ya tatu, ukiigonga lipu kwa kidole ilikuwa inalia kama ngoma, na asubuhi moja kipande chenye ukubwa wa mlango kilidondoka upande wa mihrabu, muda mfupi tu baada ya watu kutoka kusali. Niliingiza mkono wangu mwenyewe mahali pale. Tumbawe lililokuwa jiwe tangu enzi za wazee wetu lilimomonyoka kiganjani likawa unga, bichi kama machicha ya nazi. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, na chokaa huuachia upumue ukauke; saruji huuziba, maji hayana pa kutokea, na chumvi hubaki ndani ikilila jiwe huku kwa nje watu wanasifu jinsi ukuta ulivyo laini. Hiyo ndiyo imara mnayotuombea, Mhariri, tena kwa jengo ambalo ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 1981, na ambalo pamoja na magofu mengine ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara lilikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014!

Nisiwalaumu ninyi peke yenu. Kijana akienda kusomea uashi siku hizi hufundishwa tofali la bloku na mfuko wa saruji, akarudi akiwa hajawahi kuona tanuri la chokaa. Hajui jinsi magogo yanavyopangwa duara na matumbawe kurundikwa juu yake, wala hajui kwamba chokaa iliyotoka motoni leo haitumiki kesho. Wazee waliokuwa wakiijua kazi hiyo wanaondoka mmoja mmoja, nasi tunawazika nayo.

Ninachopendekeza ni hiki. Karibu na msikiti, mahali ambapo wataalamu wa mambo ya kale watapakubali, lichimbwe shimo la mita 3 kwa 2, lijazwe chokaa iliyozimwa kwa maji, lifunikwe kwa mchanga na makuti, na pasiwe na chokaa itakayotolewa humo kabla ya kutimiza miezi 6. Waajiriwe kwa mshahara wa mwezi, si kwa kibarua cha siku, wazee 2 na vijana 4 wa Kisiwani, na kazi yao iwe kuzunguka kuta hizo kila baada ya masika na kila baada ya vuli, wakiziba nyufa zikiwa bado zinazibika kwa mwiko mmoja wa chokaa. Jumla ni watu sita na shimo moja, na sidhani kama nchi hii inashindwa na hilo.

Kwa upande wa gazeti lako, naomba masahihisho yatolewe katika ukurasa ule ule, kwa maandishi ya ukubwa ule ule, pamoja na picha ya msikiti wenyewe. Kama hamna, mimi ninayo. Niliipiga nikiwa nimesimama kusini, na mihrabu ya ukuta wa kaskazini inaonekana wazi. Nitaileta ofisini kwenu Jumatatu.

Mwana wa mwashi,
Kilwa Masoko