Malalamiko kuhusu toleo jipya la kamera yenu ya filamu

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KAMERA KUZIMIKA KWENYE BARIDI NA KUKOSA GURUDUMU LA ASA (WEPESI WA FILAMU KUNASA MWANGA)

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga picha wa hapa Moshi, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka mlimani, njia ya Marangu, nikipiga picha za wageni na wapagazi. Toleo lenu la zamani nimelitumia mpaka rangi imechubuka na shaba inaonekana. Mlipotangaza kwamba jipya ni kamera ile ile iliyoboreshwa, nililipa bei kamili kwa wakala wenu Arusha.

Kubwa ni shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga kwenye filamu. Ya zamani ilikuwa springi na gia tupu. Vibetri vya kitako vilikuwa vya kipima mwanga basi. Vikizimika, unakadiria mwanga kwa macho na kazi inaendelea. Hii mpya, betri ikilegea kila kitu kimekufa. Sasa, safari ya kileleni huanza usiku wa manane kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, ili watu wafike Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, jua likichomoza. Ni baridi ya kugandisha maji kwenye chupa, na betri za alkalaini hazina nguvu kwenye baridi ya namna hiyo. Mgeni amesimama, jua linatoka nyuma ya Mawenzi, nabonyeza, kimya. Kioo kimekwama juu, ukichungulia ni giza tupu. Nikatoa betri, nikazibana kwapani ndani ya koti, zikafufuka kwa picha chache, zikalala tena. Mgeni nilimrudishia hela yake.

Msiniambie kwamba ndivyo teknolojia inavyotaka. Nikon walitoa kamera ya FM3A mwaka 2001: ukitaka, umeme unakuchagulia spidi ya shata, ukiweka spidi mwenyewe, inapiga hata bila betri. Kwa hiyo inawezekana, ninyi hamkutaka.

Halafu ASA. Mmeondoa gurudumu lake, na kamera inasoma yenyewe viraka vya kupitisha umeme vya kwenye kikopo cha filamu, mfumo wa DX ulioletwa na Kodak mwaka 1983. Kwa anayenunua mkanda uliofungwa kiwandani, sawa. Mimi nanunua filamu ya nyeusi na nyeupe ya futi 100, naikata gizani na kuijaza kwenye vikopo vitupu, kwa sababu inatoa mikanda kama 18 ya picha 36 na unafuu wake ni mkubwa. Vikopo hivyo havina viraka. Kamera yenu ikikosa cha kusoma inajiamulia ni ASA 100, hivyo filamu ya 400 inapata mwanga mara nne ya unaotakiwa, na theluji kwenye negativu (filamu iliyosafishwa, ambako cheupe huonekana cheusi) inatoka nyeusi tii, hakuna hata mstari wa barafu unaoonekana. Siku hizi nabandika vipande vya foili kwenye vikopo ili kuidanganya. Kamera ya bei hii, kweli, inaendeshwa kwa foili ya kufungia chipsi?

Gurudumu la spidi mmelifanya lizunguke kinyume na la zamani. Hilo silidai, mkono utazoea, kama wa dereva wa bodaboda aliyebadilishiwa pikipiki. Na dirisha la kuchungulia, nikiri, lina mwanga mzuri kuliko la zamani.

Wakala wenu amenijibu kwamba kamera haina hitilafu, ndivyo ilivyotengenezwa. Hilo ndilo ninalolalamikia.

Naomba mnirudishie fedha zangu, au mnibadilishie kwa toleo la zamani lililofanyiwa matengenezo. Pia muandike kwenye boksi, kwa herufi za kusomeka, kwamba shata haifanyi kazi bila betri na kwamba ASA haibadilishwi kwa mkono. Ningeyaona hayo dukani, nisingenunua.

Risiti, kamera na negativu ninazo. Wakala wenu anaweza kuja kuziona siku yoyote, isipokuwa nikiwa mlimani.

Wenu,
Mpiga picha, Moshi