Salamu za Pasaka: Pishi Moja kwa Kichwa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa, washarika wenzangu, na majirani zangu wa dini zote.

Kwa niaba ya familia yangu nawatakia Pasaka njema, yenye heri, amani na baraka tele. Walio safarini wafike salama. Walio vitandani Bwana awaguse. Waliofiwa mwaka huu wapokee faraja itokayo juu. Salamu hizi nimeziandika kila mwaka tangu nilipostaafu ualimu, na kila mwaka msomaji wa kwanza, kalamu mkononi, alikuwa mama watoto wangu. Safari hii hazikusomwa na mtu kabla yenu.

Mwezi wa Novemba mlikuja kumzika. Mlichimba, mkapika, mkakesha nasi kwenye mvua za vuli. Sina cha kuwalipa. Asanteni sana.

Katika Kwaresima yote hii nimekuwa nikiikumbuka hija tuliyokwenda mwaka 2018. Wengi mlidhani mimi ndiye niliyempeleka mke wangu. Sivyo. Yeye ndiye aliyenipeleka, kwa akiba ya miaka sita katika kikoba cha akina mama, na leo nalisema wazi ili lijulikane.

Tuliondoka Cairo alfajiri kwa basi, tukapita handakini chini ya Mfereji wa Suez, tukatokea upande wa Asia. Mimi nimezaliwa chini ya Kilimanjaro, kwenye migomba na mifereji ya maji, na jangwa nililijua kwa kulisoma tu. Nilidhani ni mchanga. Kumbe jangwa la Sinai ni mawe: milima ya matale mekundu, mitupu, mmoja nyuma ya mwingine, hata jicho linatafuta jani la kupumzikia lisilipate. Nikawaza juu ya Waisraeli waliomnung'unikia Musa. Miaka yote nilipofundisha somo lile niliwalaumu. Siku ile, nikitazama dirishani mwa basi, niliacha kuwalaumu.

Mlima wa Musa tuliupanda usiku. Tuliamshwa saa saba, tukagawiwa tochi, tukakabidhiwa kwa kijana wa Kibedui atuongoze. Kimo cha mlima ule ni mita 2,285, haufikii nusu ya Kilimanjaro yetu, lakini magoti ya mama yalikuwa tayari yanamsumbua, kwa hiyo alipanda ngamia. Nami nilitembea nyuma yake gizani, nikisikia kengele ya ngamia na sauti yake akiimba polepole ili asiogope. Njia ya ngamia inakomea karibu na mahali paitwapo Bonde la Eliya. Kutoka hapo zimebaki ngazi 750 za mawe, na ngazi hizo mtu huzipanda kwa miguu yake. Pana kibanda, wanauza chai. Akaketi, akajifunika blanketi, akaniambia, "Nenda wewe. Mimi nitakungoja hapa."

Nikaenda. Jua lilichomoza, watu wa mataifa mengi wakaimba kila mtu kwa lugha yake, na mimi nikashuka mbio kabla halijapanda vizuri, kwa sababu moyo ulikuwa kibandani. Nilimkuta ameshika jiwe alilonunua kwa mtoto wa Kibedui. Ukubwa wake ni wa kiganja, rangi yake kama udongo mkavu. Limepasuliwa katikati, na ndani kuna mchoro mweusi, mwembamba, kama matawi ya mti mdogo. Kiongozi wetu alieleza kuwa ni madini yaliyopenya kwenye nyufa za jiwe. Wenyeji wanasema ni kumbukumbu ya kijiti alichokiona Musa, kilichowaka pasipo kuteketea. Mama akasema, "Wewe umefika juu, lakini kijiti kimenifuata mimi huku chini."

Jiwe hilo liko mezani ninapoandika.

Chini ya mlima ipo monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyojengwa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6, na sala hazijakoma ndani yake mpaka leo. Kijiti wanachokionyesha kiko ndani ya kuta, kibichi, kinaning'inia juu ya ukuta wa mawe. Ndani ya kuta hizo hizo umo msikiti, karibu kabisa na kanisa. Watawa wanatunza nakala ya barua ya ulinzi ambayo kwa mapokeo yao walipewa na Mtume Muhammad, yenye alama ya kiganja, na Mabedui wa kabila la Jebeliya, Waislamu, wameishi wakiitumikia na kuilinda nyumba ile tangu enzi za mababu. Nawaambieni ndugu zangu, mimi niliyelelewa kijijini ambako tunazikana bila kuulizana dini, pale nilijisikia niko nyumbani.

Kisha tukaonyeshwa nyumba ya mifupa. Ardhi ni mwamba, makaburi ni machache, kwa hiyo mtawa huzikwa, na baada ya muda mifupa yake hutolewa ikawekwa pamoja na ya wenzake, mafuvu upande huu, mikono na miguu upande ule. Mmoja tu ameketi peke yake amevaa kanzu yake: Stefano wa karne ya 6, aliyekuwa bawabu wa njia ya kupandia mlimani. Wazee wetu wa Uchaggani kabla ya Injili nao walifukua mafuvu ya wazazi wao wakayahifadhi migombani, na sisi tulifundishwa kuwa lile ni giza tupu. Pale mlangoni mimi na mama tulitazamana. Hatukusema neno. Tangu Novemba nimeielewa vizuri zaidi ile hamu ya mtu kutotaka kuwaacha wake mbali.

Sehemu nyingine nazipita haraka: Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, na inapungua karibu mita moja kila mwaka, mapango ya Qumran, ambako mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walikuta magombo ya kale, na la Isaya likiwa zima, mto Yordani, mwembamba na wa tope kuliko nilivyodhani. Lakini siwezi kuupita mti mmoja njiani. Kiongozi alisimamisha basi akasema hii ndiyo aina ya mti ambao Ibrahimu aliupanda Beer-sheba. Biblia yetu inauita mkwaju. Basi tukatafuta ukwaju, hakuna! Ni mti mwingine kabisa, wenye majani membamba kama nyuzi. Wakati wa joto wadudu wadogo wanaokaa juu yake hudondosha matone matamu, nayo Mabedui huyaokota, na jina wanaloyaita ni mana.

Mana! Hapo ndipo nataka kusema nanyi, mnivumilie.

Mwaka umekuwa mgumu. Sukari, mafuta ya kula, nauli, ada za watoto, hakuna kilichobaki mahali pake. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekwenda pamoja, na wote tumeona lililotokea: mfungo ulipokaribia, sukari ikafichwa stoo ili itoke kwa bei nyingine. Someni Kutoka 16. Mungu aliwaambia Waisraeli jangwani waokote mana, pishi moja kwa kichwa. Pishi, ndugu zangu, kipimo kile kile walichopimia bibi zetu sokoni. Aliyeokota kingi hakuzidishiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa, na waliolaza mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na uvundo. Wewe mwenye duka, unafunga mchana na kuficha gunia usiku? Funga hiyo Mungu aiweke wapi? Na sisi wanunuzi tusijione wasafi. Kuna anayekopa kwa riba ili watoto wavae vipya Jumapili ya Pasaka, halafu Mei hana ada. Mtoto avae la mwaka jana, likiwa limefuliwa na kunyooshwa. Kaburi tupu halikudai nguo mpya. Tupikeni kwa kipimo, na kabla ya kupakua tuhesabu ni nani mtaani hana moto jikoni: mjane, mgonjwa, kijana aliyeachishwa kazi na anayeona haya kusema. Pishi lake liko ndani ya sufuria yako. Mpeleke, usingoje aje.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nimepelekewa. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi sikula chakula cha kueleweka. Wanangu walirudi makazini, nikawa naketi tu. Jirani yangu mmoja, mama wa Kiislamu, akawa anakuja kila jioni na bakuli la uji limefunikwa kwa kitambaa. Hakunihubiria. Alisema, "Mwalimu, kula," akasimama mlangoni mpaka nimalize. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumletea hoja. Alimwambia, "Inuka, ule." Ramadhani hii bakuli likawa la futari. Mama huyo akizisoma salamu hizi atajijua. Mwenyezi Mungu amlipe kheri na azipokee saumu zake.

Basi, Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli. Nawaombea mvua za masika za kiasi, mavuno, afya, na ndoa zenye amani. Vijana wanaotafuta kazi Bwana awafungulie milango. Wanafunzi wote nawatakia mitihani mema.

Jumapili baada ya ibada ya kwanza tutapita kaburini kwa mama, tupande maua, kisha twende nyumbani. Nyama hatutakuwa nayo nyingi, ila ndizi zipo, na chai ipo ya kutosha. Jiwe nitaliacha mezani, watoto walishike.