Barua kwa mwanangu: asparagasi kwenye bustani ya joto

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako nimeisoma yote mpaka mwisho, na nimefurahi kweli kusikia unataka kupanda asparagasi, ile mboga inayoliwa machipukizi yake machanga. Hao waliokwambia haiwezekani kwenye joto eti inataka baridi, wasikilize kwa heshima alafu endelea na yako. Mmea huu unachotaka ni kupumzika tu, na kwenye nchi za baridi kazi hiyo inafanywa na baridi yenyewe, majani yanakauka, chakula chote kinashuka kwenye mizizi, joto likirudi machipukizi yanasukuma juu kwa nguvu yote iliyowekwa akiba. Sasa sehemu ambayo joto halikatiki, mmea haulali, unatoa chipukizi moja leo lingine wiki ijayo mwaka mzima, mizizi inachoka na kila mwaka unapata vitu vyembamba zaidi, basi watu wanasema imegoma. Haijagoma, imechoka tu. Kwa iyo kazi ya kuilaza ni yako wewe, na nakuandikia kirefu kwa sababu nataka uifanye vizuri tangu mwanzo, huu sio mchicha wa kung'oa na kupanda tena, ukikaa vizuri unaweza kuvuna sehemu ile ile miaka kumi.

Tuanze na kupata mimea yenyewe maana hapo ndo wengi wanapotea. Angalia sana jina kwenye lebo, unataka iliyoandikwa Asparagus officinalis. Kuna ndugu zake wengi wanauzwa kama mapambo, ile yenye majani laini kama lesi wanayofungia na maua ya harusi, na ile inayoning'inia kwenye vyungu, zote zinaitwa asparagasi na muuzaji wa kitalu anaweza kukuuzia kwa moyo safi kabisa bila kujua tofauti. Hizo sio za kula. Ukiwa na shaka pitisha kidole taratibu kwenye shina, hizo za mapambo nyingi zina vijiba vya kuchoma, ya kula haina.

Alafu kuna uamuzi wa mbegu au vishina. Vishina ni yale mashina ya ardhini yenye umri wa mwaka mmoja pamoja na mizizi yake, vinauzwa vikavu bila udongo, ukikishika mkononi kinafanana na pweza, kitovu katikati na mizizi minene inaning'inia pembeni. Vinaokoa muda, lakini mwanangu kwa sehemu ya joto mimi nakushauri mbegu, na sababu ninazo. Vishina vingi vinalimwa sehemu za baridi na vinasafirishwa vikiwa vimelala, vikifika kwenye joto vimekaa njiani kwenye mfuko, nusu vimekauka nusu vimeshaanza kuoza, na kibaya zaidi vinaweza kuja na ugonjwa wa fuzari ndani ya mizizi ambao ukishaingia kwenye udongo wako unakaa miaka na miaka. Mbegu ni safi zaidi, ni rahisi kutumwa, na kwenye joto zinakua haraka kiasi kwamba ule muda uliodhani unaokoa na vishina unakuwa mdogo sana. Kama lakini umepata vishina karibu na wewe, minya mizizi, iwe imejaa na imara, ukikuta imesinyaa na ni tupu kama ganda, au ina ukungu na harufu mbaya, viache hata kama ni bure.

Aina nazo usichukue yoyote. Ukiona UC 157 chukua bila kufikiria mara mbili, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha California na inapandwa sana sehemu za joto. Apollo na Atlas nazo zinavumilia joto. Mary Washington ni ya zamani, ilitolewa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kupambana na ugonjwa wa kutu, mbegu zake zinapatikana kirahisi na sio mbaya kwa kujifunzia, ila mavuno yake hayafikii hizo chotara. Zile zenye jina linaloanza na Jersey zinasifiwa sana mtandaoni na sifa zake ni za kweli, ila anayesifia mara nyingi yuko kwenye baridi.

Mbegu ni nyeusi, ngumu, duara na upande mmoja kama imebonyea kidogo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu masaa 24 alafu uzike sentimita moja au moja na nusu kwenye viriba vyenye udongo mwepesi, kila kiriba mbegu moja au mbili. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 mpaka 30 zitatoka ndani ya wiki mbili au tatu, nyingine zinachelewa kuliko wenzake kwa hiyo usifukue kuangalia, naomba sana, najua mikono yako. Kinachotoka kwanza utadhani ni uzi wa kijani umesimama, hauna jani, alafu juu unaanza kutawanyika kama manyoya madogo. Hapo usiogope kuwa ni dhaifu, kazi inafanyika chini. Ikifika miezi mitatu hivi, mche ukiwa na vijishina kadhaa na mizizi minene, unahamishia bustanini.

Wakati miche inakua wewe shughulika na udongo, na hapa usione uvivu hata kidogo kwa sababu ukishapanda hutaweza kurudi kuchimba chini yake. Chimba shimo la sentimita 30, mwagia maji lijae, yakiisha yajaze tena alafu angalia. Maji yakinywewa ndani ya masaa machache uko sawa, ukikuta bado yamesimama kesho yake asubuhi basi hapo asparagasi itaoza, hakuna dawa, nyanyua tuta juu sentimita 30 au zaidi au tafuta sehemu nyingine. Inapenda udongo wa kichanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri au mboji nyingi, na haipendi udongo wenye asidi, kipimo cha pH kikiwa kati ya 6.5 na 7.5 ndo raha yake, udongo wako ukiwa na asidi weka chokaa ya shambani mapema kabla ya kupanda. Mbolea ya fosfeti au unga wa mifupa weka chini kabisa kwenye mtaro, kwa sababu fosforasi haisafiri kwenye udongo, ukiiweka juu mizizi haitaiona. Jua iwe nalo masaa sita mpaka nane, ingawa kwenye joto kali sana kivuli kidogo cha saa tisa alasiri hakiui kitu.

Magugu ya kudumu toa yote kabla, na ndago ndo nakusisitizia zaidi. Ndago ikishaingia katikati ya mizizi ya asparagasi huitoi tena mpaka ung'oe vyote.

Miche ya mbegu panda kwenye mtaro wa kina cha sentimita 15 hivi, ukifukia kidogo kidogo kadri inavyorefuka mpaka mtaro ulingane na ardhi, usiizike ghafla. Vishina vinashuka kidogo zaidi, 15 mpaka 20, unaweka kijituta katikati na kutandaza mizizi pande zote. Toka mche mpaka mche acha sentimita 40 au 45, na kati ya mstari na mstari mita moja na robo mpaka moja na nusu. Najua utaona nafasi ni nyingi na utashawishika kubananisha, lakini hii mimea inafika urefu wa mtu na kwenye joto lenye unyevu hewa isipopita magonjwa ya majani yanaimaliza. Kama huna ardhi ya kutosha panda michache, mimea mitano yenye nafasi itakulisha kuliko kumi inayogombana. Kwenye pipa inawezekana pia, liwe na kina cha sentimita 45 na matundu ya kutosha chini, ila usitegemee mimea yake iishi miaka sawa na ya ardhini.

Mwaka wa kwanza usivune. Nimeiandika peke yake kwa makusudi. Kila chipukizi unaloliacha linakuwa majani, na majani ndo yanapika chakula kinachohifadhiwa kwenye mizizi, ukila mapema unakula mtaji. Mwagilia vizuri, mara mbili tatu kwa wiki kama hakuna mvua, maji yashuke chini sio ya kulowanisha juu tu, weka matandazo ya majani makavu, samadi kila baada ya miezi miwili mitatu, majani yakilala yafunge kwenye vijiti. Usiilaze kwa kiu katika mwaka huu, bado ni mtoto.

Sasa kulaza, kuna njia mbili na inategemea mvua zenu. Kama mna kiangazi cha kweli, hata miezi miwili tu, tumia kiu. Peru wanafanya hivyo kwenye jangwa lao la pwani, wanafunga maji na kufungua, na wanavuna wakati wanaoutaka wao. Majani yakishakomaa acha kumwagilia, wiki nne mpaka nane hivi kulingana na udongo, yataanza kuwa ya njano na kukauka, usione huruma ukakimbilia na ndoo, hapo ndo chakula kinashuka. Yakishakauka kata yote chini kabisa, toa nje ya bustani, weka samadi, alafu mwagilia kwa wingi. Ndani ya wiki moja au mbili utaona udongo umepasuka na ncha za kijani au zambarau zinachungulia zote kwa pamoja. Vuna wiki nne mpaka sita, machipukizi yakianza kuwa membamba simama hapo hapo, yanayofuata yaache yawe majani.

Kama kwenu mvua haiishi hiyo njia haitafanya kazi, huwezi kufunga mbingu. Hapo tumia mashina mama, ndo njia yao Taiwan na Thailand. Kila mmea unauachia mashina matatu mpaka matano yenye afya, yaliyoachana sio yaliyosongamana, yakue yawe majani na yabaki yanafanya kazi, kila chipukizi jipya linalotoka pembeni unavuna. Unaenda hivyo miezi miwili au mitatu, mashina mama yakizeeka na kuanza kuwa ya njano unasimamisha mavuno mwezi hivi, unaacha machipukizi mapya yashike nafasi yao, ya zamani unakata. Kwa bustani ya nyumbani mimi hii naipenda zaidi, unakula kidogo kidogo muda mrefu na hutakuwa na wasiwasi wa mvua kukuharibia ratiba.

Kuvuna, nenda asubuhi mapema, na siku za joto nenda jioni tena, sio utani. Unataka chipukizi la sentimita 15 mpaka 20 na ncha yake imefunga kabisa, zile gamba ndogo zimelaliana vizuri. Joto likipita nyuzi 30 ncha inafunguka chipukizi likiwa bado fupi, asubuhi lilikuwa zuri jioni ni mti, kwa hiyo siku hizo vuna hata yakiwa ya sentimita 12. Na usidanganywe kuwa nene ni gumu, nene linatoka kwenye mmea wenye nguvu na linaweza kuwa laini kuliko jembamba, ugumu unaletwa na kuchelewa. Livunje kwa mkono karibu na ardhi, linapokatika lenyewe ndo mwisho wa sehemu laini. Usipopika siku hiyo simamisha kwenye glasi yenye maji kidogo chini, weka kwenye friji.

Utaona mimea mingine inatoa vitunda vyekundu, hiyo ni ya kike. Inatoa machipukizi machache kuliko ya kiume japo manene, usiing'oe, ila vitunda vitoe mapema kwa sababu vikidondoka miche inajiotea ovyo na kugombania chakula, na pia wajukuu zangu wasije wakavila, vinaumiza tumbo.

Magonjwa yapo na mengi yanaletwa na maji juu ya majani, kwa hiyo mwagilia chini kwenye shina. Unga wa rangi ya chungwa kwenye mashina ni kutu. Majani ya chini yakigeuka kahawia na kupukutika wakati wa mvua ni madoa ya ukungu, kata yaliyoathirika, choma, usiyaweke kwenye mboji, na punguza msongamano. Mmea mmoja ukiwa wa njano wakati wenzake ni kijani na maji unapata, fukua pembeni uangalie mizizi, ikiwa na rangi ya kutu ndani ung'oe na usipande asparagasi nyingine kwenye shimo hilo.

Kabla hujalipia mbegu nitumie picha ya pakiti pande zote mbili, nione jina na mwaka wa kufungashwa, mbegu za zamani zinachelewa kuota na nyingi hazioti kabisa. Na lile jaribio la shimo na maji lifanye wiki hii hii, uniambie yamechukua muda gani kuisha, tujue kama unahitaji tuta la kunyanyua.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako