Habari za tiba ya magoti na mgongo ziwataje pia waliotibiwa kwa njia nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie namna magazeti, redio na mitandao ya kijamii inavyotangaza tiba za magoti, mgongo na mifupa iliyovunjika. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, hapa Dar es Salaam, na mara kwa mara napokea mtu anayenionyesha tangazo kwenye simu yake akitaka kujua kama sindano fulani, upasuaji wa matundu (unaofanywa kwa kamera na vifaa vyembamba kupitia matundu madogo) au dawa ya kurudisha uteute wa magoti itamfaa. Matangazo hayo, pamoja na habari nyingi zinazoandikwa kwa nia njema kabisa, hufanana katika jambo moja: humtaja mgonjwa aliyeteseka, tiba aliyopewa na nafuu aliyoipata, bila kugusia hata kidogo hali ya wagonjwa wengine wenye tatizo lilelile ambao hawakupewa tiba hiyo.

Pengo hilo si dogo. Maumivu ya goti lililosagika na ya kiuno hupanda na kushuka, na mtu huenda hospitali siku yanapokuwa yamemzidi, kwa hiyo wengi watapata nafuu katika wiki zinazofuata hata wakipewa kitu kisichofanya kazi yoyote. Ndiyo maana watafiti huwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu, ili asiwepo daktari wala mgonjwa anayechagua nani apate nini, kisha huwafuatilia wote kwa muda uleule na kuwapima kwa vigezo vilevile. Bila mgawanyo huo, ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, hautuambii kama kilichomponya ni tiba au ni muda.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa upasuaji wa matundu kwa goti lililosagika. Mwaka 2002 madaktari wa Houston nchini Marekani, wakiongozwa na Bruce Moseley, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 waliogawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza walisafishwa goti kwa maji, kundi la pili walikwanguliwa pia gegedu iliyochakaa, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na kundi la tatu walichanwa ngozi tu na kushonwa, huku daktari akiigiza hatua za upasuaji ili mgonjwa asitambue kuwa goti lake halikuguswa ndani. Wagonjwa wote walikuwa wameridhia kwa maandishi kwamba huenda wakaangukia kundi hilo la mwisho. Walifuatiliwa kwa miaka miwili, na katika muda huo wote haikutokea hata mara moja waliopasuliwa kweli wakawa na maumivu madogo zaidi, au uwezo mkubwa zaidi wa kutembea na kupanda ngazi, kuliko wale waliochanwa ngozi peke yake. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walifanya jambo linalofanana na hilo kwa wagonjwa 146 wenye umri wa kati ya miaka 35 na 65, ambao meniski, yaani gegedu inayokaa kama kijito kati ya mifupa ya goti, ilikuwa imechanika kwa kuchakaa, na baada ya miezi 12 matokeo ya makundi mawili yalikuwa sawa. Kufikia mwaka 2017 jopo la kimataifa la madaktari, wataalamu wa mazoezi tiba na wagonjwa wenyewe liliandika katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kwamba upasuaji huu usifanywe kwa takriban wagonjwa wote ambao magoti yao yamechakaa. (Kijana aliyeumia uwanjani na goti lake likajifunga kabisa lisinyooke ni mgonjwa wa aina nyingine, na nisingependa asome barua hii akaacha kwenda hospitali.)

Nimehudumia mama lishe mmoja wa Buguruni aliyekuja na bahasha kubwa ya picha za MRI, na ndani yake ripoti iliyopigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameambiwa mahali fulani aandae fedha za upasuaji. Aliponyanyuka kitini alisukuma mapaja yake kwa mikono yote miwili, akasimama kidogo akisubiri goti likubali, ndipo akapiga hatua. Akaniuliza, “Mwanangu, nisipopasuliwa itakuwaje?” Alikuwa ameshaulizia bei, siku za kulazwa, hata mtu wa kumshikia biashara, lakini swali hilo hakuna aliyemjibu. Tulianza na mazoezi ya kukaa na kuinuka kwenye kiti kirefu na ya kupanda ngazi moja moja, na jiko lake la mkaa likainuliwa juu ya matofali ili aachane na kigoda. Sitaandika hapa jinsi goti lake lilivyoendelea, kwa sababu yeye ni mmoja tu, na nimekwisha kusema kuwa mmoja hathibitishi kitu.

Kuhusu sindano za goti, ambazo sasa zinatangazwa kana kwamba hazina gharama yoyote kwa mwili, wasomaji wanastahili kujua mambo mawili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu 140 kwa miaka miwili, nusu wakichomwa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya goti kila baada ya wiki 12 na wengine maji ya chumvi. Waliochomwa steroidi walipoteza gegedu nyingi zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wenzao. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 156, ulilinganisha sindano hizo na fiziotherapia, na baada ya mwaka mmoja waliofanya fiziotherapia walikuwa na maumivu na ulemavu mdogo zaidi.

Mimi ninaishi kwa fiziotherapia, na msomaji ana haki ya kuliweka hilo kwenye mizani. Lakini ushahidi uleule unanibana na mimi pia. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark waliwagawa wagonjwa 100 wenye magoti yaliyosagika vibaya: nusu waliwekewa goti bandia kisha wakafanya mazoezi, na nusu wakapewa mazoezi, ushauri wa uzito na dawa bila upasuaji. Makundi yote mawili yalipata nafuu, ila waliowekewa goti bandia walipata nafuu kubwa zaidi kwa mbali, ingawa pia ndio waliopata madhara makubwa zaidi, yakiwamo ya damu kuganda. Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia anayemng’ang’ania mgonjwa ambaye goti lake limekwisha, akimwahidi kuwa mazoezi pekee yatatosha, anamnyima haki yake sawasawa na yule anayemkimbiza mtu chumba cha upasuaji.

Mgongo nao una mkanganyiko wake. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na ni asilimia 36 tu waliokutwa na diski zote, vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, zikiwa sawa. Mtu akisoma ripoti isemayo diski imetokeza, akaamini papo hapo kuwa ndiyo chanzo cha maumivu yake na kwamba lazima apasuliwe, hana kosa, kwani hakuna aliyemweleza kuwa jirani yake asiyeumwa anaweza kuwa na picha kama hiyo. Na hata pale diski inapobana kweli mshipa wa fahamu na maumivu yakashuka hadi mguuni, uchaguzi hauko upande mmoja. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007, wenye wagonjwa 283, ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja takriban asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, na wengi wa waliosubiri hawakuhitaji upasuaji kabisa. Dereva wa daladala asiye na akiba anaweza kuamua kwamba hiyo miezi michache ya nafuu ina thamani kubwa kwake, na mwenye ajira yenye likizo ya ugonjwa akaamua kusubiri, na wote wawili wakawa sahihi. Wasiopaswa kusubiri ni wale ambao mguu unazidi kulegea, au wameanza kushindwa kuzuia haja. Hao wawahi hospitali siku hiyohiyo.

Nakubali hoja ya wanaosema kuwa tafiti hizi zimefanywa kwa watu wa mbali. Mgonjwa wa Copenhagen hupimwa kwa kutembea na kupanda ngazi, ilhali wa kwetu atataka kujua kama goti bandia litamruhusu kusujudu, kuchuchumaa chooni au kukaa mkekani msibani, na hayo ni maswali ya haki yanayohitaji majibu ya hapa. Majibu ya hapa yanawezekana. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari wa mifupa la Marekani, ambapo wagonjwa 240 waliovunjika mfupa wa muundi kwa jeraha la wazi, ajali tunazozijua sote kutokana na bodaboda, waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya chuma kinachopita ndani ya mfupa na vyuma vya nje, vile ambavyo mitaani huitwa antena. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya kutegemewa katika vifo na upasuaji wa kurudia kati ya makundi hayo, ingawa wenye chuma cha ndani walikuwa na mifupa iliyonyooka vizuri zaidi na maisha mepesi zaidi katika wiki za mwanzo. Nilitarajia matokeo hayo yafike kwenye kurasa za mbele. Sikumbuki kuyaona hata kwenye kurasa za ndani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wako anapotumwa kwenye uzinduzi wa kliniki au mashine mpya, amuulize daktari aliye mbele yake tiba hiyo imelinganishwa na nini, kwa wagonjwa wangapi na kwa muda gani, na jibu lichapishwe hata kama ni kwamba ulinganisho haujafanyika. Nakala za tafiti nilizozitaja ninazo, na niko tayari kukaa na mwandishi yeyote wa dawati lako la afya tukazipitia moja baada ya nyingine, jioni baada ya kazi au Jumamosi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Temeke, Dar es Salaam