Swahiba, usijitoe kwenye bastola kwa sababu ya herufi nne

Swahiba wangu,

Za siku nyingi, natumai u mzima, mi huku niko salama kabisa. Barua yako nimeisoma mara mbili, af nikasema hii lazima niijibu kwa kirefu manake umegusa mambo mawili ninayoyapenda kuliko kitu chochote, bastola ya hewa, ile ya mashindano inayosukuma risasi kwa nguvu ya hewa, na hizi habari za hulka za watu. Unasema umefanya lile jaribio la haiba la Myers-Briggs, linalompa kila mtu herufi nne za aina yake, ukatoka ENFP, aina ya watu wachangamfu, ukasoma mahali kwamba kulenga shabaha ni mchezo wa watu wakimya, watu baridi wasioshtuka, ndo ukaamua mwenyewe kwamba haukufai. Hata triga, kile cha kufyatulia, hujaigusa. Hapana bwana, hapo sikubali.

Kwanza tuanze na zile herufi. Chimbuko lake ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyetoa kitabu chake cha aina za watu mwaka 1921, halafu kule Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, na bintiye Isabel Myers wakayachukua mawazo yale wakayafanya maswali ya kujaza, na ndo tukapata zile aina 16. Wote wawili hawakuwa wamesomea saikolojia. Sisemi hivyo kuwadharau, wale walikuwa wachunguzi wazuri wa watu, ila tatizo la jaribio lenyewe ni kwamba linakukata katikati, we uchangamfu wako ukizidi ukimya kidogo tu unapewa E, mwenzako ukimya wake ukizidi kidogo tu anapewa I, mnaonekana watu wa dunia mbili wakati mnafanana karibu kila kitu. Ukirudia baada ya wiki chache unaweza ukatoka na herufi nyingine. Ndo maana wanasaikolojia wengi siku hizi wanapenda kupima kwa mizani mitano, kila tabia unakuwa nayo kwa kiasi, kidogo au nyingi, hakuna kufungiwa kwenye boksi. Mi bado napenda kuzisoma hizo aina, zinanisaidia kupata maneno ya kumwelezea mtu, lakini kumzuia mtu asicheze, hapana.

Sasa nikuelezee kitu ambacho watu wengi wa nje hawakijui, na ukikielewa hiki umeelewa mchezo mzima. Kila mtu anatetemeka. Kila mtu! Bastola ya hewa unaishika kwa mkono mmoja tu, mkono umenyooka, hauegemei popote, shabaha iko mita 10, na ile duara ya katikati yenye pointi 10 ina upana wa milimita 11.5 tu. Hakuna binadamu anayeweza kuusimamisha mkono ukatulia tuli pale. Mapigo ya moyo tu yanatosha kuisogeza bastola, na ndo sababu dawa zinazotuliza moyo, zile beta-bloka, zimepigwa marufuku kwenye mchezo huu, na kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 kuna mtu alinyang'anywa medali mbili kwa ajili hiyo. Sasa kama mabingwa wa dunia wanatetemeka, kwani nani akuambie ukitetemeka basi mchezo haukufai?

Na uzuri wenyewe ni huu. Mkono mzima ukisogea, yaani saiti, vile vya kulengea juu ya bastola, ya mbele na ya nyuma zimebaki zimepangana vizuri ila zote zinaelea pamoja, risasi inaenda kombo kwa kiasi kilekile mkono uliposogea. Ukiwa nje ya katikati kwa milimita 5 bado unapata 10 yako. Lakini kifundo cha mkono kikijipinda kidogo pale unapovuta triga, ile saiti ya mbele ikatoka kwenye mstari kwa milimita 1 tu, na tuseme umbali kati ya saiti zako mbili ni sentimita 32, basi kule mita 10 risasi imekimbia zaidi ya sentimita 3, hapo unaokota 7. Milimita moja! Kwa hiyo kuelea hakukuumizi sana, kinachokuumiza ni kile unachofanya kwa sababu huwezi kuvumilia kuelea. Na hapa ndo hulka ya mtu inapoingia, siyo kwenye nani ana mkono mtulivu.

Nikupe mifano ya watu ninaofanya nao mazoezi. Kuna jamaa mmoja mtu wa utaratibu sana, kila kitu chake kimepangwa, ukimwona utasema huyu bastola ilizaliwa kwa ajili yake. Anainua mkono, anashuka taratibu, anafika chini ya lile duara jeusi, kila kitu kiko sawa, af anasubiri. Anataka iwe sawa zaidi. Sekunde ya nane, ya kumi, macho yanaanza kuchoka, bega linaanza kuungua, halafu ghafla anaona kila kitu kimekaa palepale katikati anaivuta triga haraka kabla haijaondoka, na risasi inatua chini kushoto. Ni ile tabia ya kutaka ukamilifu ndo inamponza, siyo wasiwasi wala papara. Kuna dada mwingine mchangamfu kweli, anaongea mpaka dakika ya mwisho kabla ya kuvaa vizuia masikio, watu wakimtazama wanasema huyu hatatulia. Yule akishafika kwenye shabaha anaachia, hana deni na kuelea kwake, vishimo vyake vimelala vizuri kabisa, shida yake inakuja mbele huko kwenye risasi ya arobaini akianza kuchoka na ule upweke, manake mashindano ya mita 10 ni risasi 60 kwa dakika 75, hakuna wa kuongea naye, ni we na kichwa chako, na muda uko mwingi wa kuwaza mambo yasiyohusiana kabisa.

Unaona nilipotaka kukufikisha? Hulka haisemi kama utapiga vizuri au vibaya. Inakuambia kosa lako litatokea mlango gani. Yule jamaa anahitaji kujifunza kushusha mkono na kuanza upya, risasi haijatoka, hakuna aliyekulazimisha. Yule dada anahitaji utaratibu mfupi wa kurudia kila risasi, pumzi hivi, macho hivi, ili hata akichoka mwili ujue cha kufanya. Ukimpa mmoja dawa ya mwenzake unamharibu kabisa.

Halafu kuna suala la aina za mashindano, hili watu hulisahau. Mita 10 ni subira, sawa, lakini nenda kaangalie bastola ya kasi ya mita 25, shabaha tano zimejipanga, mkono uko chini, taa ikiwaka unainua na kupiga risasi tano, moja kila shabaha, kwanza kwa sekunde 8, baadaye 6, mwisho sekunde 4. Sekunde nne zote, pamoja na kuinua mkono! Pale mtu wa kufikirifikiri hana nafasi. Na wanawake kwenye mita 25 wanafanya yote mawili kwenye shindano moja, risasi 30 za utulivu na 30 za kushtukiza ambapo kila risasi una sekunde 3 tu. Nino Salukvadze wa Georgia pale Seoul 1988 alichukua dhahabu ya mita 25 na fedha ya mita 10, akaendelea mpaka Paris 2024, Olimpiki kumi mfululizo. Sasa niambie huyo utamweka kwenye herufi zipi, mwenye subira au mwenye kasi?

Na usije ukasoma hulka za watu kwa sura zao wakiwa kwenye mstari. Paris 2024 dunia nzima ilimshangaa Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mfukoni, macho yote wazi, akapata fedha ya timu ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, na mwenzake Şevval İlayda Tarhan, watu wakasema ona jamaa hajali. Ule mkono mfukoni ni kuutuliza mwili, walengaji wengi wanafanya hivyo ili ule mkono usio na kazi usiyumbishe bega. Kim Ye-ji wa Korea Kusini naye kila mtu alisema huyu hana hisia, barafu, akapata fedha ya mita 10, lakini siku chache baadaye kwenye mita 25 sekunde zikamwishia kabla hajafyatua, risasi moja ikaandikwa sifuri na fainali akaikosa. Hakuwa mtu mwingine siku ile. Ni binadamu yuleyule, sura ileile.

Ila anayenigusa kuliko wote ni Jin Jong-oh, naye wa Korea Kusini kama Kim. Fainali ya mita 50 Rio 2016, anatetea taji la Beijing na London, akapiga 6.6. Kwa kiwango kile hiyo ni risasi ya kukulaza kitandani, na ni fainali ya kutoana mmojammoja. Akarudi risasi kwa risasi mpaka akampita Hoàng Xuân Vinh wa Vietnam na kuchukua dhahabu. Mi nimeitazama fainali ile sijui mara ngapi, naangalia anachofanya baada ya ile 6.6, anashusha mkono, anakaa kidogo, anaanza tena taratibu zilezile. Hakuna jaribio la haiba linaloweza kukuonyesha hicho.

Kwa hiyo we nenda. Tafuta klabu yenye mkufunzi, usiende kiholela, sheria za usalama zije kwanza, mtutu mbele muda wote na kidole nje ya triga mpaka umeshalenga. Mwanzo usihangaike na pointi, omba hata karatasi nyeupe isiyo na duara, iangalie saiti ya mbele mpaka uione kali kabisa, karatasi iache iwe ukungu, vuta triga taratibu huku mkono unaelea. Nyumbani fanya mazoezi bila risasi kama mkufunzi amekuruhusu, hayo ndo yanajenga mkono kuliko kufyatua ovyo. Na kila ukipiga, kabla hujaangalia, sema mwenyewe imeenda wapi, juu, kulia, katikati, af ndo uangalie. Hapo utajijua haraka kuliko kujaza maswali sitini, manake karatasi haikubembelezi.

Baada ya mazoezi kadhaa nitumie picha za karatasi zako. Jumla ya pointi usiniandikie, nataka nione vishimo vimelalia upande gani, na uniambie kila risasi ulikuwa unakaa muda gani kabla ya kuachia, na zile za mwishomwisho zilikuwaje ukilinganisha na za mwanzo. Tukishaviona hivyo ndo tutajua tuanzie wapi. Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako daima,
Swahiba wako