Kofia ya Gego

Mkomani, Lamu
Mfungo Tano

Shoga yangu Rukia,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima. Mama yupo, miguu tu ndiyo inayomsumbua kusi ikikaza, na watoto wote wanakusalimu.

Siku ile ulipoipata video ya harusi ya Saada uliniuliza kwa nini kila nikicheka najiziba mdomo kwa leso kama mwari. Nikakujibu kuwa ni haya za utu uzima. Uwongo, shoga. Nilikuwa naficha jino. Na kwa kuwa simu yako hukatika kila nikifika penye utamu, nimeona bora nikuandikie, tena kwa kirefu, maana ulinidokeza kuwa gego lako la kulia linakukera na huko Maskati umeambiwa ling'olewe. Usiende kwanza. Soma.

Gego langu ni la chini kushoto, la kwanza katika yale makubwa. Nimeambiwa kuwa hilo huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto, wakaliacha lioze. Langu lilizibwa tukiwa darasa la saba. Kile kizibo cheusi ndicho ulichokuwa ukinichekea. Kila kikichakaa nazibwa upya, na kila nikizibwa upya jino linachimbwa zaidi, mpaka kizibo kikawa kikubwa kuliko jino lenyewe, kuta zilizobaki nyembamba kama za kikombe cha kahawa.

Mwaka juzi likaanza kunishtua kwa maji baridi. Kisha kwa chai. Kisha likaanza kuuma lenyewe usiku, mpigo kwa mpigo, nimelala nalihesabu. Nikaweka karafuu, na karafuu ilisaidia kweli. Kumbe hata madaktari wa meno wana dawa zilizochanganywa na mafuta yake. Halafu siku moja likanyamaza. Nikasema alhamdulillahi, limepona. Kumbe halikupona, limekufa. Ile neva ya ndani ndiyo iliyokuwa ikilia, na ilipokufa pakawa kimya. Uchafu chini ya mizizi nao ukaendelea na kazi yake bila mtu wa kupiga kelele.

Shaaban iliyopita nimekaa dakani nashona, mtoto wa jirani akaniletea mabuyu, yale mekundu. Unanijua mimi na mabuyu. Nikanyonya, nikanyonya, na ilipobaki kokwa tupu nikaitafuna kwa uzembe tu. Kaa! Nikatema kokwa, ikatoka na pande la jino.

Mtu wa kwanza niliyemwendea simtaji. Alinimulika kwa tochi, dakika mbili hazikutimia: ling'olewe. Nilimuuliza hakuna njia nyingine, akasema gego halionekani, kwani wewe ni bibi harusi? Basi nikarudi nyumbani na kisiki changu. Na halionekani kwa nani? Mcheko wangu unaujua, ukitazama vizuri unaona mpaka kimio. Ndipo nikaanza mambo ya leso. Nikajizoesha kucheka kwa pua. Nisingefanya lolote mpaka leo lau si Mama. Siku moja tunapepeta mchele, akaacha ungo, akanitazama, akaniambia kwa Kiamu chake, "Mwanangu, mbona siku hizi huteki?" Yaani hucheki. Nikashindwa kumjibu.

Mpwa wangu yuko Malindi, kaniambia kuna daktari wa meno anayesifika kwa subira. Nikapanda boti alfajiri mpaka Mokowe, nikashika basi, Witu, Garsen, na kabla ya adhuhuri niko Malindi nimejaa vumbi na hofu. Daktari mwenyewe ni binti, anaweza kuwa mwanangu wa kwanza. Aliniita mama, akaniketisha, akanitazama meno yote kabla ya lile lililonileta. Akasimama kwenye la mbele la juu, akacheka. "Mama, wewe ni fundi wa kushona?" Nikamuuliza amejuaje. Akanipa kioo: kuna mfuo mdogo ukingoni mwa jino, umechimbwa na uzi. Miaka ishirini na tano ya kukata uzi kwa meno nikishona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, imejiandika mdomoni mwangu!

Akapiga picha ya eksirei. Mizizi miwili, akanionyesha, na kwenye ncha kivuli cheusi, pale uchafu ulipokwisha kula mfupa. Nikasema basi, ling'olewe. Akasema linaweza kuokolewa, maana mizizi imeshika vizuri na juu ya fizi limebaki jino la kutosha kufungia kazi. Akaniambia na hili, nami nakuambia wewe: ukiliacha pengo, majirani hawakai kimya. La nyuma huanza kulalia pengoni, na la juu lililokuwa likikutana nalo hushuka kidogo kidogo kutafuta mwenzake. Hakunitisha. Alisema tu, kisha akaniacha nifikiri.

Nilikaa Malindi siku nne. Kusafisha mizizi, wallahi, hakuumi hivyo tunavyotishana. Sindano ya ganzi ndiyo inayochoma, na baada yake moyo ulinienda mbio nikadhani nakufa. Akaniambia ni ile dawa ya kubana damu iliyochanganywa na ganzi, itapita, na ikapita. Kisha akanifunika jino kwa kipande cha mpira chenye tundu, likabaki limechomoza peke yake kama jiwe majini, akalitoboa, akaingiza vijisindano vyembamba vyenye meno, kimoja baada ya kingine. Mizizi miwili lakini njia tatu. Mimi mshona kofia nilimwonea wivu ule mkono. Harufu ilikuwa ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, na ndiyo hiyo hasa, ya jamii ile ile, huua vijidudu. Siku ya nne akazijaza zile njia kwa vijiti vya waridi vya utomvu wa mti wa nchi za Malaya, akajenga juu kwa kizibo kigumu.

Hapo nikadhani tumemaliza. Akasema bado kofia.

Yeye anasema kraun, wengine wanasema taji. Mimi taji sitaki, nimezoea kofia. Maana jino lililotolewa uhai na kuchimbwa hivyo hupasuka kwa urahisi, likipasuka mpaka chini ya fizi ndiyo kwaheri. Linahitaji kitu cha kulizunguka na kulifunika lote, ili ukiuma, nguvu isiziachanishe zile kuta. Na ili kofia ienee, kichwa lazima kipunguzwe. Hapa ndipo nilipoingiwa na uchungu, si wa jino, wa moyo. Akalikata pande zote, milimita moja pembeni, karibu mbili juu, jino zima likawa kijiti. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma, hilo lazima ulijue. Jino lililokatwa hivyo litavaa kofia maisha yake yote.

Halafu kipimo. Alinijaza mdomo ule unga uliokandwa laini unaogeuka mpira, nikakaa machozi yananitoka kwa kutaka kutapika. Akaniambia nipumue kwa pua na ninyanyue mguu mmoja hewani. Nikanyanyua. Mpaka leo sijui mguu na koo vina undugu gani, lakini ilisaidia.

Tukaja kwenye kuchagua. Bibi yangu, unamkumbuka, alikuwa na jino la dhahabu, na akicheka barazani liking'aa utadhani alikuwa akilitembeza makusudi. Nikauliza bei ya dhahabu. Nikaacha. Kuna ya madini matupu, kuna ya madini iliyovishwa kauri, na kuna zirkonia, ya rangi ya jino, inayochongwa na mashine kisha ikachomwa kwenye tanuri la moto wa digrii 1,500 hivi. Kauri hupendeza lakini yaweza kubanduka kipande, zirkonia ngumu. Nikachukua zirkonia, shilingi 28,000, na mizizi nilikwisha kulipa 12,000. Ndiyo, shoga, nimesikia ulivyoguna. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa ilitoka mwezi ule, nikaongeza kofia mbili nilizokuwa nimemwekea mtu wa Shela. Kabati la vyombo litangoja.

Rangi ndiyo iliyonichekesha. Alinitoa kwenye ile taa kali, akanisogeza dirishani, akaniambia nifute wanja wa mdomo, akatoa safu ya vijino 16 kama vishikizo dukani, kila kimoja na herufi na namba. Mimi nikachagua cheupe kabisa. Akakiweka kando ya meno yangu, akanipa kioo bila kusema neno. Nikajiona kama nimeingiza kigae cha chooni. Ya kwangu ni A3, rangi ya mtu aliyekunywa chai na kahawa tangu utotoni.

Kipimo kikapelekwa Mombasa kwa fundi, wiki mbili. Nikavishwa kofia ya muda, ya plastiki, nikaambiwa nisile vya kunata, nikarudi Lamu. Siku ya tano Baba Ali akaja na halua ya moto kutoka Langoni. Sikula, naapa. Nilionja. Kofia ikabaki kwenye halua. Baba Ali, Mungu amweke, akaenda kuleta gundi anayogundishia viatu! Nikampigia daktari, akapiga kelele: gundi hapana! Nikaioshe, niipachike kwa dawa kidogo ya mswaki, nisilale nayo nisije nikaimeza, nitafune upande wa pili. Siku tisa hivyo, usiku kofia iko kwenye kikombe cha kahawa kando ya kitanda. Mama alitaka kukitumia kikombe mara mbili.

Jambo jingine lililoniweka macho ni josho la janaba, maana maji sharti yaenee mwilini. Kitu kikifunika jino moja kwa moja, maji hayapiti. Nikamtuma Baba Ali kwa maalimu wake. Jibu likaja kwamba kilichogandishwa kwa matibabu hakina neno, hakitolewi. Tena maalimu akamwongezea kisa cha Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani zama za ujahilia, akaweka pua ya fedha ikamnukia, Mtume akamwamrisha aweke ya dhahabu. Ndiyo hoja ya wanaoruhusu jino la dhahabu hata kwa mwanamume mwenye dharura. Baba Ali akarudi anajitazama kwenye kioo. Nikamwambia, wewe huna dharura.

Kuvishwa yenyewe ilikuwa nusu saa, labda zaidi kidogo. Hata ganzi sikuchomwa, jino limekwisha kufa litaumia nini. Akaijaribu, akapitisha uzi pembeni kuona kama imebana na majirani bila kuwasukuma. Kisha akanipa karatasi ya buluu. Uma. Saga kushoto, saga kulia. Panapoacha doa zito anapunguza. Uma tena. Shoga, hujui mdomo una akili namna gani: unene wa unywele mmoja niliusikia kama kokoto. Akaniambia nisimwonee haya, maana kofia iliyonyanyuka hata kidogo hupigwa nyundo kila nikila, mpaka jino liume. Mara ya saba nikamwambia, sasa sipati tofauti. Akaigandisha kwa simenti, akanipa pamba niiume, akasafisha ukingo.

Wiki ya kwanza ulimi ulikuwa kama mgeni, kila saa unakwenda kuigusa. Sasa nasahau. Kofia yenyewe haiozi, ila jino lililo chini yake linaoza pale ukingoni, karibu na fizi, kwa hiyo napiga mswaki pale kwa makini na napitisha uzi kila usiku. Ikitunzwa yaweza kukaa miaka 10, 15, na zaidi. Mswaki wa mti sijauacha, usinicheke.

Basi wewe, kabla hujampa mtu jino lako, mtake akupige picha na akuambie mizizi ikoje. Kama imelegea au jino limepasuka mpaka chini, haya, litoke. Kama bado imeshika, uliza bei ya kofia huko, na ikiwa ghali sana subiri mpaka uje Maulidini. Tutapanda basi la Malindi pamoja, nitakushika mkono kwenye ile sindano.

Mama anasema ukija usisahau mafuta yake ya miguu. Mimi niletee mkasi mdogo, ule wenye ncha nyembamba. Uzi nimekatazwa kukata kwa meno, na mkasi pekee humu ndani ni wa watoto, haukati hata karatasi. Nina kofia ya mtu hapa, vito vyote tayari, nyuzi zinaning'inia.

Shogako,
Mwanaesha