Uenyekiti wa TEHAMA ya afya si wa kukaa meza kuu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo nimelisema kwenye grupu letu la WhatsApp likafunikwa na picha za harusi na meseji za asubuhi njema.

Sisi tunaofanya TEHAMA kwenye hospitali na vituo vya afya huku kanda ya kati, Dodoma na Singida, tuna kachama ketu, bado kachanga, na tunaelekea kuchagua viongozi. Watu wameshaanza kampeni za chinichini, na kila anayetaka uenyekiti ukimuuliza atafanya nini anakwambia ataleta kongamano kubwa mjini, mgeni rasmi waziri, fulana, mabegi, cheti cha ushiriki. Sawa, cheti tunakipenda wote. Lakini jamani, hicho ndo chama?

Nitoe mfano wa hospitali moja, jina lake silitaji. Jumatatu asubuhi, siku yenye watu, mfumo unaganda. Foleni ya mapokezi imetoka mpaka nje kwenye mwarobaini, karani anabonyeza weee, kaduara kanazunguka tu. Mzee kaja na kadi ya bima anaambiwa subiri mzee wangu, mtandao. Sista wa OPD, yani wagonjwa wa nje, akichoka anachomoa kitabu cha MTUHA namba 5, ile rejista ya karatasi ya taarifa za wagonjwa, anaanza kuandika kwa kalamu, maabara wanaandika majibu kwenye vikaratasi, dirisha la dawa wanatoa kwa cheti cha mkono. Mtandao unarudi saa nane mchana. Sasa nani anawaingiza wale wagonjwa wote kwenye mfumo? Ni sista huyohuyo, muda wa zamu umeisha na mtoto anamsubiri nyumbani. Asipoingiza, dawa zilizotoka hazionekani zimetoka, hela ya siku hailingani, madai ya bima yanakuwa na mashimo, afu anaitwa afisa TEHAMA kujieleza kwa mganga mfawidhi kama vile yeye ndo alienda kukata faiba.

Kinachouma ni kwamba tatizo hilohilo jirani ameshalimaliza. Ameweka laini ya pili ya kampuni nyingine, ruta inahama yenyewe moja ikikata, na kabetri ka kuishikilia umeme ukienda. Wala sio hela ya kutisha. Ila wa upande huu hajui, kwa sababu hawajawahi kukaa wakaongea zaidi ya kupeana hi kwenye semina. Mwenyekiti wa kanda kazi yake ya kwanza ni hiyo, kumkutanisha mwenye tatizo na aliyelitatua. Dodoma tuna halmashauri 8, Singida 7, jumla 15. Watu 15 mwenyekiti anashindwa nini kuwa na namba zao na kuwapigia kila mwisho wa mwezi, kuuliza nini kimekwama, nini kimepona, anaandika kwenye daftari? Daftari hilo mimi nalithamini kuliko kongamano lolote.

Na daftari lina kazi nyingine. Mimi peke yangu nikilalamika kwamba data moja inaingizwa mara tatu, yani kwenye kitabu cha MTUHA, kwenye mfumo wa hospitali wa GoT-HoMIS, afu mwisho wa mwezi inajumlishwa tena kwa ajili ya DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, naonekana mvivu. Barua yangu inapita kwa bosi, inapita kwa mkurugenzi, inafia kwenye faili. Lakini halmashauri 15 zikionyesha kwa maandishi kitu kilekile kinajirudia mwezi hadi mwezi, hapo TAMISEMI na Wizara ya Afya watakaa kusikiliza, na bahati yetu sisi wako hapahapa, Mji wa Serikali Mtumba unafika kwa daladala. Wenzetu wa Katavi wangetamani wawe na bahati hiyo.

Kuna jambo watu hawapendi nilitaje. Wauza mifumo na wauza vifaa. Kampuni inakuja inasema tutawalipia ukumbi na chakula cha mchana, tupeni tu nusu saa ya kuelezea bidhaa yetu. Nusu saa inakuwa saa mbili, baada ya mwezi mwenyekiti anazunguka kwa waganga wakuu wa wilaya kusifia ile programu, na mjumbe wa kawaida hajui ni ushauri wa kitaalamu au ni shukrani ya pilau. Sisemi tuwafukuze, hela yao tunaihitaji. Ila iandikwe kwenye katiba kwamba nani katoa nini kinasomwa mbele ya wanachama wote, na kiongozi mwenye biashara na kampuni yoyote anasema mapema na anatoka nje hiyo hoja ikijadiliwa.

Tusijione tumeanza sisi. Marekani wana chama chao cha TEHAMA ya afya kinaitwa HIMSS, kilianza 1961 enzi ambazo kompyuta ilikuwa inajaza chumba, na matawi yake ya majimbo na kanda yanaendeshwa na watu wa kujitolea, mtu ana kazi yake, jioni anafanya ya chama. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa karibu. Hiyo DHIS2 tunayoilalamikia kila mwisho wa mwezi mizizi yake iko Afrika Kusini, baada ya ubaguzi kuondoka 1994, watu wa vyuo vikuu wa Cape Town na wa Oslo walikaa na wahudumu wa wilaya wakauliza data gani zinahitajika kweli na zipi zinakusanywa kwa mazoea tu. Walianza na watu wa chini. Haikuanzia meza kuu.

Ndo maana nashangaa hii tabia ya kusema mwanachama lazima awe na digrii ya kompyuta. Mtunza kumbukumbu anayejua faili la mgonjwa linapotelea wapi ni mtaalamu, na yule mhudumu wa zahanati anayejumlisha tali za chanjo kwa koroboi naye anajua vitu ambavyo mimi na laptop yangu sivijui. Tena mimi ningefurahi makamu mwenyekiti awe nesi. Wanachama wengine wataninunia, sawa.

Kingine kifupi, usiri wa wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini kuna sehemu bado paswedi moja inatumiwa na wodi nzima, imeandikwa kwenye plasta imebandikwa chini ya skrini, na majibu ya vipimo yanapigwa picha yanatumwa kwenye magrupu. Uongozi ukizunguka tu kufundisha hilo, hata bila posho, utakuwa umefanya kazi.

Najua wataniuliza hela itatoka wapi. Ada. Watu tunachanga harusi laki laki bila kugombana, ada ya mwaka ya chama tunaanza kuuliza maswali ya kikatiba! Ila na wao viongozi wasome mapato na matumizi kila robo mwaka, kwenye grupu, kila mtu aone, sio mpaka mkutano mkuu ambapo ripoti inasomwa haraka haraka watu wameshaanza kunusa chakula.

Kwa hiyo wagombea wote mimi nitawauliza kitu kimoja tu, katika hizo halmashauri 15 unamjua kwa jina mtu wa TEHAMA wa ngapi, na mara ya mwisho uliongea naye kuhusu nini. Na mkutano wa kwanza baada ya uchaguzi naomba ufanyikie Manyoni, sio mjini Dodoma, nauli tutajilipia. Wa Mpwapwa wataona mbali, lakini wa Mkalama na Iramba ndo wamekuwa wakija mbali siku zote na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mdau wa TEHAMA ya afya,
Chamwino, Dodoma